Mgeni Mtwara anunueje chakula? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtwara hupokea wageni wa kila aina: mwalimu aliyepangiwa shule, mwanafunzi wa chuo cha Stella Maris, fundi wa kiwanda cha saruji, mtumishi wa bandari, mama aliyemfuata mumewe kutoka Mwanza, Mombasa au Bukavu. Karibu wote huanza kwa kuuliza soko liko wapi. Soko utalionyeshwa na dereva yeyote wa bajaji. Linalochukua muda kujifunza ni saa, siku na mwezi wa kununua, kwa sababu chakula cha huku kinafuata upepo, mwezi wa angani, mvua na korosho. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu asiye na shangazi wa kumfundisha.

Nimefika jana na nyumba haina hata chumvi. Nianzie wapi?

Nenda Soko Kuu asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu. Hapo utapata mchele, unga, maharage, mafuta, viungo, nazi, mboga na matunda katika mzunguko mmoja. Anayeishi upande wa Chuno ana soko la huko huko, hana haja ya kuvuka mji kwa ajili ya vitunguu. Samaki usimnunue siku hiyo kama umechoka. Anahitaji safari yake, na swali linalofuata linamhusu yeye.

Baada ya hapo tafuta genge la mtaani kwako. Genge lina bei ya juu kidogo kuliko Soko Kuu, lakini mwenye genge atakujua jina ndani ya wiki moja, atakuwekea mchicha ukichelewa kazini, na siku umepungukiwa atakuandika kwenye daftari. Mgeni asiyekuwa na genge lake anaishi kwa shida hata akiwa na mshahara mzuri.

Samaki nanunuaje pale feri, kwenye soko la samaki? Nilikwenda nikakuta watu wanapiga kelele, nikarudi mikono mitupu.

Kelele hizo ni mnada. Chombo kikiingia, samaki humwagwa chini au hubaki kwenye ndoo na matenga, mnadi anataja bei, na wachuuzi wanapandishiana. Wanaonunua hapo wanachukua mzigo wa kuuza, kwa hiyo usiingie katikati yao ukiwa unatafuta kitoweo cha watu watatu. Subiri kidogo. Mchuuzi akishashinda mzigo wake huupanga: wakubwa kwa mmoja mmoja au kwa kilo, wa kati kwa mtungo, wadogo kwa fungu. Hapo ndipo zamu yako.

Kama mko wafanyakazi wanne au watano mnaokaa jirani, changeni pesa na mtumeni mmoja mwenye uzoefu aingie mnadani, kisha mgawane. Ndivyo familia nyingi za hapa zinavyofanya anapopatikana jodari au kolekole mkubwa.

Ukishanunua, pembeni kuna vijana wanaopara magamba na kutoa matumbo kwa malipo madogo. Waambie kabla hawajaanza kama unataka samaki mzima, vipande, au apasuliwe mgongoni kwa ajili ya kukausha. Kichwa usikiache, mchuzi wa kichwa cha changu wenye tui zito ni sehemu ya malipo yako.

Wavuvi wa usiku hurudi alfajiri na asubuhi mapema. Walioingia baharini asubuhi hurudi alasiri. Kati ya saa tano na saa nane mchana unachokiona mara nyingi ni masalia ya asubuhi yaliyokaa juani, na hata kama bei imeshuka, mimi simshauri mtu kuyanunua.

Kwa nini wiki hii samaki ni ghali hivi, na wiki iliyopita nilipewa ndoo nzima kwa bei ya kutupa?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi kuliko yote, na wageni wengi hudhani wametapeliwa. Mara nyingi hakuna aliyekutapeli. Bahari ina kalenda yake, na ukiijua utapunguza matumizi ya jikoni kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Anza na upepo. Kuanzia kama Mei hadi Septemba huvuma kusi. Ni upepo wenye nguvu, bahari ya nje huchafuka, na vyombo vidogo, ngalawa na mitumbwi, hubaki ndani ya ghuba au havitoki kabisa. Samaki wakubwa wa maji ya kina hupungua na bei hupanda. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, bahari hupitika zaidi, ingawa nayo ina siku zake za hasira. Katikati, upepo unapogeuka, kuna maleleji: maji yametulia, vyombo vinakwenda mbali, na soko linajaa. Anayependa nguru na jodari aweke akiba ya pesa kwa ajili ya kipindi hicho.

Kisha tazama mwezi. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi hata taa za sola. Taa inavuta samaki pale tu penye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga umetapakaa bahari nzima na taa ya mvuvi haina kazi, kwa hiyo wengi hupumzika na kushona nyavu. Ukitaka dagaa wa bei nafuu wa kukausha, nunua siku za giza. Ukienda wakati mwezi umejaa utalipa zaidi na utachagua kidogo.

Pweza ana hesabu tofauti. Yeye anafuata maji. Mwezi unapoandama na unapojaa kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na yanakauka sana. Pwani zetu hizi, siku za bamvua maji hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na mwamba unabaki wazi. Akina mama na vijana wa vijiji vya pwani hutembea mwambani wakichokoa pweza kwenye mashimo yao. Kwa hiyo pweza huingia mjini mchana wa siku hizo, na ndipo bei yake inapokuwa ya mtu wa kawaida. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, anapatikana kidogo, na mwingine ni wa barafu.

Jumlisha hayo: mwezi mpevu, nunua pweza na uache dagaa, mwezi wa giza, vyote viwili. Kusi likivuma, geukia ng'onda (samaki waliopasuliwa na kukaushwa), dagaa wakavu na kunde. Wenyeji hawajaandika haya popote, wanayaishi tu. Muulize mama yeyote wa Mikindani leo maji yanakauka saa ngapi, atakujibu bila kutazama simu.

Nitajuaje kama samaki hajachina?

Jicho liwe angavu na limetokeza, si limezama wala kuwa na utando mweupe. Fungua mashavu: ndani yawe mekundu. Bonyeza mgongoni kwa kidole, nyama irudi. Harufu iwe ya bahari. Akiwa amemwagiwa maji kila dakika na bado analegea mkononi, mwache.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Uvuvi wa baruti ni kosa la jinai nchini, unaua mwamba na mazalia, na umewahi kuiumiza sana bahari ya kusini. Samaki wa baruti mara nyingi nyama yake ni laini kama imepondwa, damu imevilia karibu na uti wa mgongo, mifupa imeachana na nyama, na tumbo hupasuka upesi. Kwa nje anaweza kuonekana mzuri, kwa hiyo mwone akipasuliwa. Usimnunue, na mwambie muuzaji kwa nini humnunui. Mlaji akikataa, mlipuko unakosa soko, na hilo liko mikononi mwa kila anayeshika kikapu.

Kuna kiumbe wa baharini nisiyeruhusiwa kununua?

Kasa na nguva wanalindwa kisheria: usinunue nyama wala mayai ya kasa, hata ukiambiwa ni dawa. Upande wa Msimbati na mlango wa Ruvuma kuna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, nayo ina masharti yake ya uvuvi. Ukitembelea huko na kutaka kununua pwani, uliza kwanza ofisi ya kijiji.

Pweza nikipika anakuwa mgumu. Nakosea wapi?

Ameuzwa kabla ya kupondwa, au umemtia maji mengi na chumvi mapema. Mwambie muuzaji ampige vizuri. Nyumbani muweke chunguni bila maji, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe na kuivia humo. Chumvi na tui baadaye.

Nyanya, karoti na viazi mbona bei yake inaruka ruka?

Kwa sababu vinasafiri. Nyanya, vitunguu, karoti, kabichi, hoho na viazi mviringo vingi vinatoka nyanda za juu na mikoa ya kaskazini. Vinaingia kwa njia mbili: barabara ya Dar es Salaam kupitia Kilwa na Lindi, yenye zaidi ya kilomita 550, na barabara ya Songea kupitia Tunduru na Masasi, ambayo nayo ni ndefu. Mafuta ya gari yakipanda, nyanya inapanda. Mvua ikikata barabara, nyanya inakosekana. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Kilwa, na mikoa yote miwili ya kusini, Lindi na Mtwara, ikahisi. Wazee wanakumbuka hali ngumu zaidi ya hiyo, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari yalipokuwa yakingoja kivuko cha Rufiji.

Ushauri wangu: usijenge mlo wako juu ya vitu vilivyokuja kwa lori. Tumia nyanya na kitunguu kama kiungo, na mboga yenyewe iwe ya hapa. Matembele, mchicha, kisamvu, majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda, bamia, biringanya na nyanya chungu vinalimwa mabondeni na mashambani karibu na mji. Kisamvu utakipata kimeshatwangwa, kazi yako ni nazi na karanga. Na kuanzia kama Juni mbaazi mbichi zikianza kuonekana, nunua nyingi, menya, pika na nazi. Mbaazi kavu hufuata baadaye na hukaa mwaka mzima ukizikinga na wadudu. Kusini ni kati ya maeneo yanayolima mbaazi kwa wingi nchini, na inasikitisha kumwona mgeni akinunua maharage ya mbali kwa bei ya juu huku mbaazi zimejaa gunia jirani yake.

Muhogo: kuna wa kula na wa unga?

Ndiyo, na tofauti hiyo ni ya afya. Muhogo mtamu unaweza kuuchemsha, kuukaanga au kuuchoma ukiwa mbichi. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi na lazima uandaliwe kwanza: kumenywa, kulowekwa au kuvundikwa, kukaushwa vizuri, ndipo usagwe. Muulize muuzaji waziwazi, "Mama, huu ni wa kuchemsha?" Hakuna mwenyeji atakayekuficha. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu na unaotokana na kula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka hasa wakati wa njaa, umewahi kuripotiwa katika mkoa wa Mtwara. Kwa hiyo nunua makopa (muhogo mkavu ambao haujasagwa) au unga kwa mtu anayejulikana, uliokauka vizuri, mweupe, usio na harufu ya uvundo.

Muhogo mbichi hauna subira. Ukishang'olewa una siku mbili hivi, kisha huanza mishipa ya bluu na nyeusi ndani. Omba uvunjiwe mmoja uone. Ukiwa mweupe mpaka kiini, chukua.

Hapa wanapimaje? Nimeona kilo, fungu, kopo, kisado, ndoo...

Vyote vinatumika. Nyanya, bamia, pilipili na dagaa wa siku ni mafungu. Nafaka na kunde za rejareja ni kilo, na kwa wakulima ni kopo, kisado au debe la lita 20. Nazi huhesabiwa. Ndizi ni chane au mkungu. Mafuta ya kula hupimwa kwa chupa uliyokwenda nayo.

Kwenye mizani, tafuta stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Mizani yote ya biashara inapaswa kuhakikiwa kila mwaka, na una haki ya kuuliza. Ukinunua mazao kwa gunia, ujue kwamba lumbesa, lile gunia lenye kilemba juu, imepigwa marufuku. Inamuumiza mkulima aliyeuza, na wewe ukiishabikia kwa sababu inakufaidi utakuwa umemwibia mtu aliyekulisha. Nunua kwa uzito.

Nataka korosho za kula na za kutuma nyumbani. Wakulima wananiuzia moja kwa moja?

Korosho ghafi, yaani zilizo kwenye ganda, usinunue kwa mkulima. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinawekwa ghalani, kisha zinanadiwa. Ununuzi wa kichochoroni nje ya mfumo huo unaitwa kangomba, ni kosa, na ndio uliowafanya wakulima wengi kuuza jasho la mwaka mzima kwa bei ya bakuli wakati wa njaa. Hata mtu akikubembeleza kwamba ana shida, msaidie kwa njia nyingine. Tena ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi na midomo. Kubangua nyumbani bila ujuzi kutakuachia malengelenge.

Wewe nunua zilizobanguliwa. Vikundi vya akina mama wabanguaji na wasindikaji wadogo wapo mjini na wilayani, na maduka mengi yanauza za kwao. Kuna nzima na kuna vipande. Nzima ni za zawadi na za kula na chai. Vipande ni bei ya chini na ladha ni ile ile, kwa hiyo kwa mchuzi, kwa kusaga badala ya karanga, kwa uji wa mtoto, chukua vipande bila aibu. Rangi iwe ya maziwa au ya dhahabu hafifu, isiwe na madoa ya kuungua. Vunja moja: ikatike kwa sauti. Nusa pakiti; korosho ya zamani ina harufu ya mafuta yaliyochacha na hakuna kukaanga kutakakoirudisha.

Uliza pia ni za msimu gani. Mavuno huanza kama Oktoba, na mpya zilizobanguliwa huingia madukani baada ya hapo. Ukinunua Agosti, unakula za mwaka uliopita. Si mbaya kama zimehifadhiwa vizuri, lakini zisiuzwe kwa bei ya mpya.

Ni kweli msimu wa korosho maisha yanapanda?

Kweli kabisa. Malipo ya minada yakianza kuingia, pesa inatembea mkoa mzima, kuanzia Tandahimba na Newala hadi mjini. Kuku, mbuzi, mchele na vinywaji hupanda kwa sababu ndio wakati wa harusi, ngoma na kulipa madeni. Mtu wa mshahara anunue mchele, sukari na mafuta ya miezi mitatu kabla Oktoba haijaisha. Na usinung'unike mbele ya watu wanaofurahia mavuno yao, wamengoja mwaka.

Mabibo, haya matunda ya mkorosho yanayouzwa barabarani, yanalika?

Yanalika na ni matamu, ila yana ukakasi unaokaba koo. Chagua lililoiva sawasawa, lioshe, na ulile siku hiyo hiyo, maana halilali. Doa lake kwenye nguo halitoki. Yaliyokaushwa nayo yanauzwa na ni kitafunwa kizuri cha safarini. Uraka, kinywaji kinachotokana na maji ya mabibo, ni kileo, usidanganyike na utamu wake wa asubuhi. Gongo ni haramu kwa sheria na imeharibu watu, iache.

Vile vimizizi virefu vyembamba vinavyouzwa vimechemshwa ni nini?

Ming'oko. Huchimbwa porini kiangazi, huchemshwa, humenywa na kuliwa kwa chumvi na pilipili. Nunua fungu moja, kaa pale pale ule.

Nyama, kuku na maziwa?

Nyama ya ng'ombe nenda buchani asubuhi, na angalia mhuri wa mkaguzi kwenye mzoga. Mchana unabaki mchanganyiko wenye mifupa mingi. Mabucha ya kawaida ni ya kuchinja kwa Kiislamu. Nyama ya nguruwe ina sehemu zake, na si adabu kuiulizia kwenye bucha ya kawaida.

Kuku wa kienyeji ni mzuri kijijini kuliko mjini, kwa bei na kwa nyama. Ukipata mwenzako anayetoka Nanguruwe au Naliendele, muagize.

Maziwa mabichi ni machache kwa sababu huku si eneo la wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa. Mengi ni ya paketi kutoka Iringa na Tanga. Ukipata mabichi, yachemshe mpaka yafure ndipo unywe.

Napatanaje bei bila kuonekana mkorofi?

Salamu kwanza, na salamu si neno moja la kupita. Kwa mama mtu mzima ni "Shikamoo mama", ungoje marahaba, uulize habari za nyumbani na za biashara. Ndipo ushike nyanya. Kijana mwenzako ni kaka au dada, mzee ni babu au mzee wangu, mwanamume wa makamo wengi humwita mjomba. Mgeni anayeanza na "Hii bei gani?" hatafukuzwa, lakini atapewa bei ya mgeni.

Kwenye fungu la mboga bei haipunguzwi sana, bali unaomba nyongeza: "Mama, niongezee kidogo." Atakutupia nyanya mbili au kipande cha limau. Kwenye samaki, kuku na vitu vya jumla ndipo mnapatana. Taja bei yenye heshima, maana kutaja robo ya bei ni kumwambia mtu mzigo wake hauna thamani. Mkikubaliana, lipa. Kupatana mpaka mwisho kisha kuondoka ni jambo linalokumbukwa.

Kisha rudi kwa mtu huyo huyo. Usimhame kwa tofauti ya shilingi mia. Mteja wa kudumu ndiye anayeambiwa, "Leo usichukue hawa, wamelala, njoo kesho asubuhi." Maneno hayo hayana bei, na nimeona familia za kigeni zikila vizuri kuliko wenyeji kwa sababu tu zilikuwa na mama mmoja wa samaki na zilimheshimu.

Nalipaje, na nabebea nini?

Pesa taslimu, noti ndogo. Maduka mengi yana lipa namba, lakini mama wa matembele anataka mia tano mkononi, na asubuhi hana chenji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo nenda na kikapu. Kwa samaki chukua ndoo ndogo yenye mfuniko. Dereva wa bajaji atakushukuru.

Wakati wa Ramadhani soko likoje?

Asubuhi panapoa, kuanzia saa tisa alasiri panajaa. Muhogo, magimbi, viazi vitamu, tambi, tende, nazi na maharage hupanda. Kama hufungi, nunua vyako asubuhi uwaachie nafasi wanaokimbizana na futari, na usile sokoni mbele ya watu. Migahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo panga chakula cha kazini. Siku za Ijumaa mwaka mzima, mchana wa swala vibanda vingi hufungwa kwa muda.

Sina friji, na umeme nao unakatika. Samaki nahifadhije?

Nunua wa siku. Akizidi, mtie chumvi na limau, mkaange mkavu mpaka maji yaishe. Atakaa hadi kesho yake, na kesho unampika kwa tui. Dagaa waanike juani juu ya mkeka au turubai safi, ukiwageuza, ukiwalinda na nzi. Hata mwenye friji nisingemshauri ajaze samaki wa mwezi mzima: umeme ukipotea siku nzima kwa joto la huku, utatupa pesa yako yote shimoni.

Unga na mchele viwe kwenye ndoo zenye mfuniko, maana unyevu wa pwani unaleta ukungu na wadudu. Karanga zilizokunjamana au zenye ukungu usizisage. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kukaanga.

Nimetoka mbali na ninatamani chakula cha kwetu.

Aliyetoka Msumbiji upande wa Palma hatapata shida: kisamvu cha karanga na nazi ni matapa aliyolelewa nayo, na Kimakonde kinasikika sokoni. Mkongomani naye ana majani ya muhogo na unga wake wa muhogo. Mkenya atapata sukuma wiki akiulizia Soko Kuu, ila si kila siku. Mhaya na Mchaga ndio wenye kazi, maana ndizi za kupika zinasafiri na zinafika zimechoka. Waagize kwa mabasi kupitia ndugu. Jibini na vyakula vya makopo vipo kwenye maduka makubwa ya mjini, kwa bei ya safari yake.

Mimi nimepangiwa Lindi. Majibu haya yananihusu?

Ya bahari, ya barabara na ya adabu, yote. Lindi mji ni mdogo, soko lake linaisha mapema zaidi, na lori la nyanya linapita kwako kabla ya kufika kwetu. Ufuta ndio wa kununua huko: huvunwa kuanzia kama Mei, na ukiupata mpya, uukaange na uusage na chumvi kwa ajili ya mboga za majani.

Naruhusiwa kusafiri na samaki wakavu na korosho nikienda likizo?

Korosho zilizobanguliwa na samaki wakavu wa kula nyumbani, ndiyo. Korosho ghafi hazisafirishwi bila kibali, hata kilo chache zitakuletea maelezo marefu kwenye kizuizi. Ng'onda wafunge kwa magazeti kisha kwenye boksi, uwaambie wahudumu wa basi wasiliweke karibu na mizigo ya nguo. Basi la Dar es Salaam linaondoka alfajiri, kwa hiyo nunua jana yake alasiri, vyombo vikishaingia.